Mashine ya Isansa

Dar es Salaam
14 Oktoba 1980

Dada yangu Ferista,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku wazima, ila tumechoka. Mke wangu Enesi amepanga foleni ya unga tangu wiki iliyopita, na jana jioni ndipo alipopewa kilo tano. Watoto wanakwenda shule. Mwambie shemeji Sekela kwamba maharage yake tumeyala mpaka punje ya mwisho, na Enesi anauliza kama mwaka huu amepanda mengine.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Unajua kwamba tangu nirudi masomoni Bulgaria nafanya kazi kwenye Shirika la tiba ya mionzi, lakini nyumbani sijawahi kueleza vizuri ni kazi gani. Ni hivi: mtu akiwa na kansa, mashine yetu inapiga mionzi pale penye ugonjwa, kidogo kidogo kila siku, kwa wiki tano au sita. Wanaowahi, wengi wanapona. Lakini mashine ni moja, iko hapa Dar, na wagonjwa wanatoka nchi nzima. Wanafika wamebebwa. Kwa hiyo Shirika limeamua kupanuka. Mwaka huu limechukua hospitali mbili za misheni, moja upande wa Ziwa na moja kaskazini, ili ziwe vituo vya mionzi. Kituo cha tatu kitakuwa nyanda za juu kusini, na upande huo nimepewa mimi. Cheo changu siku hizi ni Afisa Upanuzi. Usicheke.

Nimependekeza hospitali yenu ya Isansa. Stesheni ya Vwawa haiko mbali, na wodi ya wazazi imejengwa juu ya mwamba. Hilo la mwamba ndilo kubwa. Chumba cha mashine kinataka kuta za zege zenye unene wa zaidi ya mita moja, mionzi isitoke nje, na udongo wa kawaida hauwezi kubeba uzito huo. Itabidi wodi ivunjwe. Shirika litajenga wodi nyingine ndani ya miezi sita.

Kinachotakiwa ni sahihi za wazee wa kanisa, hospitali iwe mali ya Shirika. Mzee Sadoki hawezi kunisikiliza mimi niliyeondoka nikiwa na miaka kumi na sita. Wewe umewazalisha binti zake wote. Ongea nao, dada.

Mdogo wako,
Lusubilo

*

Isansa, Mbozi
20 Novemba 1980

Mdogo wangu Lusubilo,

Barua yako imekaa njiani wiki tatu. Nashukuru kusikia mko hai. Hapa mvua imeanza vizuri, tumepanda mahindi, mgongo wangu unajua. Wifi Sekela anawasalimu. Anasema maharage amepanda, lakini safari hii mje mle hapa hapa. Tangu kaka yetu afariki ana mdomo huo, na mimi nauzoea.

Sabuni hatuna hospitalini. Tunafua mashuka ya wazazi kwa majivu. Nakueleza ili ujue unataka kuchukua kitu gani.

Wazee walikaa Jumapili baada ya ibada, wakaniita. Nikawaeleza kama ulivyonieleza. Nikawaambia pia ambayo wewe hukuyaandika: kwamba mwaka jana peke yake nimewarudisha nyumbani wanawake watatu wenye ugonjwa wa kizazi, kila mmoja na vidonge vya maumivu kwenye karatasi, na wote watatu nimekwenda kuwazika. Mmoja alikuwa wa Iyula, tulisoma naye.

Mzee Sadoki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wanawake watazalia wapi?"

Nikasema, "Stoo ya mashuka. Miezi sita tu."

"Nani anasema miezi sita?"

"Mdogo wangu."

"Lusubilo wa marehemu Andongwisye?"

"Ndiye."

Halafu akasema, "Shirika mimi silijui. Natia sahihi kwa sababu yako, Ferista."

Wengine wakafuata. Karatasi zimo humu ndani ya bahasha. Nimezishika siku tatu kabla ya kuziweka humo. Sasa umenibebesha mzigo huu, usije ukaniacha nao njiani.

Dada yako,
Ferista

*

Dar es Salaam
22 Desemba 1980

Dada mpendwa,

Heri ya Krismasi. Enesi amepata sukari ya mgao, watoto wanaichungulia kama kitu cha ajabu. Mdogo wao alikuwa na malaria lakini sasa anakimbia.

Dada, sijui nikushukuru vipi. Nilipoweka zile karatasi mezani kwa Mkurugenzi alisimama akanipa mkono. Alisema Isansa imekubali haraka kuliko vituo vyote. Nilitembea siku ile nzima kama mtu aliyeongezwa urefu.

Saruji imepakiwa kwenye behewa. Itashushwa Tunduma, kwa kuwa ndiko kwenye mtu mwenye lori la kuaminika. Anaitwa Yahaya, asili yake Ujiji, ana miaka mingi hapo mpakani akisafirisha mizigo. Ataileta mpaka mlangoni kwenu. Mafundi watatoka Mbeya. Mashine yenyewe imeagizwa nje na inategemewa bandarini mwezi Machi. Mwezi Aprili, Mungu akipenda, mgonjwa wa kwanza atalala chini yake hapo hapo Isansa. Nimeona tarehe hiyo kwa macho yangu, imepigwa taipu.

Nawapenda wote. Mwambie Mzee Sadoki ahsante.

Lusubilo

*

Isansa
30 Januari 1981

Mdogo wangu,

Nyumbani hawajambo, isipokuwa hilo nitakalolisema mwishoni, kwa maana nikilisema mwanzoni sitaandika mengine.

Wodi imevunjwa. Mafundi walitumia siku nne. Nilikuwa nimezalisha humo miaka kumi na saba, nikajitia kazi upande wa pili ili nisisikie nyundo. Sasa kuta za mashine zinapanda. Ni nene kweli! Watoto wa shule wanapita kuzipima kwa mikono. Wazazi wako stoo, vitanda viwili, na wa tatu analala mkekani. Wiki iliyopita wamejifungua wawili kwa wakati mmoja, na mimi katikati kama mtu anayekamata kuku.

Yahaya ameleta saruji mara mbili. Ni mtu mzuri, hasemi sana. Safari ya pili alikuja na mke wake, Mwasiti, akaniomba nimwangalie. Ana uvimbe kwenye titi, mgumu. Nikawaambia mashine inakuja Aprili, wasubiri watatibiwa hapa karibu na kwao. Yahaya akasema, "Dada, mimi ni mtu wa mizigo. Mzigo ambao haujapakiwa siuhesabu." Anampeleka Dar. Nilimwona mwenye haraka.

Sasa lenyewe. Wifi Sekela anatokwa damu. Hedhi yake ilikwisha miaka miwili iliyopita, kwa hiyo nilijua siku aliponiambia, na yeye aliona usoni kwangu kwamba nimejua. Tumekwenda Mbeya. Daktari amempima, amesema ni kansa ya shingo ya kizazi, haijasambaa, na mionzi inaweza kuitoa. Akasema aende Dar bila kukawia.

Sekela hataki Dar. Anaogopa kufa mahali ambapo hakuna anayejua jina lake. Anasema, "Kama mashine inakuja Aprili, kwa nini mimi niifuate? Nitasubiri hapa, nivune na mahindi yangu." Nami kuanzia leo hadi Aprili naona ni kama wiki kumi.

Nakuuliza kama muuguzi, si kama dada. Nimpandishe treni au nisubiri? Nijibu kwa mkono wa mtu, usitumie posta.

Ferista

*

Dar es Salaam
16 Februari 1981

Dada,

Nimepata barua yako leo asubuhi na nakujibu leo. Moyo umeniuma sana. Shemeji Sekela ndiye aliyenipikia uji nilipokuwa nikitembea kwenda shule kijiji cha Ruanda, kabla sijawa na viatu.

Nimezungumza na wanaopanga wagonjwa. Foleni ya hapa imefika wiki saba au nane, na mashine imeharibika mara mbili tangu mwaka mpya. Akija sasa atakaa kwenye varanda mpaka Aprili hata hivyo, mbali na watoto wake. Kwa hiyo jibu langu ni asubiri. Asibebe mizigo mizito, ale vizuri, nawe umwangalie damu. Yeye atakuwa wa kwanza kwenye orodha ya Isansa. Jina lake nimeliandika mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi.

Lusubilo

*

Dar es Salaam
12 Machi 1981

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Huku mvua kubwa, maji yameingia mpaka jikoni. Enesi anashona sketi za shule za majirani, cherehani inapiga kelele siku nzima. Mtoto wetu wa pili amekuwa wa nne darasani. Jirani yetu mmoja amehamia Morogoro, akatuachia kuku watatu.

Kazi iendelee kama ilivyopangwa. Mafundi wasiache. Kukiwa na jambo lolote nitakuarifu.

Msalimie shemeji.

Lusubilo

*

Isansa
28 Aprili 1981

Mdogo wangu Lusubilo,

Salamu. Mahindi yamezaa, kahawa inaanza kubadilika rangi. Binti mkubwa wa Sekela ameposwa na kijana wa Iyula, watu wa heshima. Furaha hiyo tunaifanya kwa sauti ya chini.

Aprili inakwisha. Saruji ilikwisha tangu Pasaka. Kuta zimefika mabegani kwangu na hapo zimekoma, nondo zimesimama juu zikishika kutu. Mafundi walisubiri siku tisa kisha wakarudi Mbeya. Sijapata neno kwako tangu ile barua ya kuku.

Sekela sasa anavaa vitambaa vitatu. Amepungua. Jumamosi alianguka shambani, akasema ni jua, na hapakuwa na jua. Damu nimeipima, imeshuka mno. Kila siku anaamka, anakwenda kutazama zile kuta, anarudi. Haniulizi kitu. Ningeona afadhali aniulize.

Mwezi huu nimepoteza mama mmoja stoo. Alihitaji nafasi na taa, nilikuwa na mshumaa, na mgongo wa mzazi mwenzake ukinibana. Kichanga kimepona.

Niandikie tarehe. Tarehe tu, sitaki salamu.

Ferista

*

Dar es Salaam
25 Mei 1981

Dada yangu,

Pole sana. Pole kwa mama huyo, pole kwa yote. Kuhusu mashine, kumekuwa na ucheleweshaji kidogo upande wa waagizaji. Inawezekana ikawa Juni au baada ya hapo. Naomba mvumilie. Wazee nao uwatulize, kwa sababu hati za makabidhiano bado hazijasajiliwa, na maneno maneno wakati huu yanaweza kuharibu.

Kuhusu shemeji, nafikiri mngeweza sasa kuanza kutazama uwezekano wa kumleta huku, endapo yeye mwenyewe atapenda.

Wako,
Lusubilo

*

Isansa
2 Julai 1981

Lusubilo,

Hatujambo.

Juzi Yahaya amepita hapa. Hakuwa na mzigo, amekuja kunionyesha mke wake. Mwasiti ametembea mwenyewe kutoka kwenye lori mpaka mlangoni kwangu. Amekatwa titi, amepigwa mionzi wiki tano, ngozi imeungua kama aliyepakwa masizi, lakini anacheka. Tukakaa. Nikamwambia Yahaya bado tunangoja mashine. Akaweka kikombe chini.

"Mashine gani, dada?"

"Ya kwetu. Ya Isansa."

Akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Akasema, "Lakini ndugu yako alinieleza. Nilimkuta pale hospitali, nikamwuliza, je, hawa wengine wa kwetu huko wasubiri ya Isansa? Akanivuta pembeni. Akasema, Isansa hakuna mashine, Yahaya, fedha za kigeni zimekosekana, oda imefutwa. Ukimjua mgonjwa yeyote mlete huku. Nikasema basi dada yako atakuwa amekwisha kujua. Hakunijibu, akaitwa."

Nikamwuliza ni lini. Mwasiti ndiye aliyekumbuka, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kwanza ya mionzi: Jumanne, tarehe kumi Machi.

Nimeitoa barua yako ya tarehe kumi na mbili. Nimeisoma mara nyingi, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Kuna mvua, cherehani na kuku. Umesema mafundi wasiache.

Mtu wa Ujiji ambaye hamkunyonya titi moja ulimwambia kweli. Mimi ukaniandikia kuku.

Sitakutukana. Nimechoka, na nina wazazi wawili stoo. Sekela anapanda treni Vwawa Jumamosi pamoja na binti yake. Yahaya amempatia nafasi ya kulala, na atatusaidia kumbeba hadi stesheni. Sekela hajui haya niliyoyaandika. Ukimwambia au usimwambie, hiyo ni juu yako.

Ferista

*

Dar es Salaam
20 Julai 1981

Dada,

Sijui kama bado nina haki ya kukuita hivyo, lakini sina jina jingine la kukuita.

Wamefika salama. Sekela analala chumba cha watoto, watoto wako sebuleni. Enesi anamwogesha. Madaktari wamempima siku ya pili. Nilisimama hapo nikisikiliza. Daktari alisema, "Mwezi Februari tungejaribu kuuondoa ugonjwa. Sasa umeshika mifupa ya nyonga. Tutampa siku kumi za mionzi, damu ikatike na maumivu yapungue. Zaidi ya hapo hatuna."

Yote aliyokwambia Yahaya ni kweli. Tarehe sita Machi Mkurugenzi alituita, akasema oda zote tatu zimefutwa. Zote tatu, dada. Hata vile vituo viwili nilivyokusimulia mwaka jana havikuwahi kuwa na mashine. Tulichukua majengo haraka kuliko tulivyopata cha kuweka ndani. Mmoja wetu akauliza kama tuwaandikie wa vituoni. Akasema tusiandike chochote mpaka hati zisajiliwe, kwa sababu wenye hospitali wakijua watazidai. Nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Nilianza kukuandikia usiku ule na siku zilizofuata. Kila nilipofika kwenye neno "haiji" niliona uso wa Mzee Sadoki akisema anatia sahihi kwa sababu yako. Nikasema nitaandika kesho, huenda ikapatikana nyingine. Yahaya alipouliza ilinitoka tu, kwa kuwa yeye hakuwa amenidhamini mbele ya mtu. Hiyo ndiyo sababu yote. Si kubwa zaidi ya hapo. Ningependa ingekuwa kubwa.

Jana Sekela alikuwa kitandani, akaniita.

"Shemeji, yule aliyesema nisubiri alikuwa wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua?"

"Siku niliyosema sikujua. Baadaye nilijua, na sikusema."

Aligeuza macho dirishani. Nilingoja anilaani. Akanyoosha mkono, akasema, "Basi niinue, nataka kwenda msalani." Nikamwinua. Hana uzito kabisa, dada.

Lusubilo

*

Isansa
18 Agosti 1981

Lusubilo,

Barua imefika. Umesema kweli, nimeiona. Lakini umeniambia mimi, na hospitali si yangu. Nikikutana na Mzee Sadoki njiani ananisalimu kwanza, kama kawaida, na mimi nashindwa kuinua uso. Siwezi kumweleza kwa niaba yako. Kwa niaba yako nimeshasema ya kutosha.

Damu ikikatika, mrudishe Sekela kwao, na umlete wewe mwenyewe. Wazee wanakaa Jumapili ya kwanza ya kila mwezi.

Ferista

*

Dar es Salaam
7 Septemba 1981

Dada,

Damu imekatika tangu wiki ya pili. Anakula kidogo. Anaulizia kahawa yake kama imechumwa.

Nitamleta. Tutapanda treni ya mwisho wa mwezi, na Jumapili ya tarehe nne Oktoba nitakuwa mbele ya wazee. Nimemwambia Mkurugenzi. Alinisikiliza bila hasira, nadhani na yeye amechoka. Akasema nikienda kusema hayo, nikirudi nisije kukaa kwenye ile meza. Nikamwambia meza siitaki. Nimeomba nirudishwe kwenye mashine, kazi niliyosomea, kulaza wagonjwa na kupima kiasi cha mionzi. Mshahara unapungua na nyumba ya Shirika tutaihama. Enesi akasema cherehani inabebeka.

Sijui nitawaambia nini wale wazee. Nimeandika maneno, nikayachana.

Lusubilo

*

Isansa
15 Novemba 1981

Mdogo wangu Lusubilo,

Nakusalimu, na Enesi, na watoto kwenye hicho chumba kipya mlichohamia. Mvua imeanza. Nimemkabidhi Yahaya barua hii akupe mkononi.

Wifi Sekela amefariki Jumatatu, tarehe mbili, asubuhi, baada ya kunywa chai. Hakulia maumivu. Ile mionzi ya siku kumi ilimpa wiki zake za mwisho bila damu, akaiona harusi ya binti yake akiwa amekaa kwenye kiti na gauni safi. Alitaka hilo, akalipata. Tumemzika kando ya kaka. Kaburi lake nimelitazama leo, udongo umeshuka kidogo, tutaongeza.

Hukuniuliza kuhusu ile siku ya kanisani, wala mimi sikukusemesha mpaka ulipoondoka, kwa hiyo niandike. Nilikaa benchi la nyuma. Ulisimama bila karatasi, ukasema tangu mwanzo mpaka tarehe sita Machi, na hata kuku hukuwaruka. Hukumtaja Mkurugenzi hata mara moja. Nilidhani watapiga kelele. Hakuna aliyepiga kelele, na niliona ulivyoumia kwa hilo. Mzee Sadoki aliniambia baadaye, "Amekuja. Wengi wangetuma barua." Hajasema kwamba amekusamehe. Mimi pia sijui kama nimekusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe, na ikifika saa nne nikiwa stoo nimeghairi.

Wazee wamemwandikia Mkurugenzi kuidai hospitali. Hakuna jibu. Hawakungoja. Walikaa wakaamua kuta zile zisikae bure, akina mama wa Isansa na wa Ruanda wakaleta magogo, Yahaya akaleta mabati kutoka Tunduma, akasema tusimwulize yametoka wapi. Tumeezeka kuanzia pale mabegani. Ni pafupi, warefu wanainama mlangoni. Ndani kuna baridi kama kisimani, na kelele za nje hazisikiki. Vitanda vinne vimeingia. Wiki hii wamejifungua watatu humo, na mimi nilikuwa na taa mbili.

Wagonjwa wa kansa hawajakoma kwa sababu mashine haikuja. Nimeacha kumwambia mtu yeyote asubiri. Nimewapima, Mbeya wamethibitisha, na watatu watapanda treni Vwawa Alhamisi tarehe tatu Desemba. Tabita ni wa Iyula, ana miaka thelathini na minane, kizazi, bado mapema. Priska ni wa hapa hapa, kizazi, damu ndogo. Mama yake Priska anamsindikiza, ana pumu. Mwanakombo ni wa Tunduma, shangazi yake Yahaya, uvimbe shingoni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Dar. Nimewaambia watamkuta stesheni mtu mwembamba, ana upara kidogo, anaitwa Lusubilo, na kwamba ni mdogo wangu.

Usiniandikie kwamba utawapokea. Wapokee.

Dada yako,
Ferista